Zebaki Haipotei

Mjukuu wangu,

Bibi yako kaniambia kwamba uliporudi kutoka machimbo ya Rwamagasa, Geita, likizo hii ulimpa kitenge, ukamwonyesha noti, kisha ukaanza kumpima kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo: "Bibi, hivi mimi shule ya nini? Kemia yenyewe haipandi." Mimi hukuniambia. Ulijua mzee ataanza maswali. Basi swali lenyewe nimeliandika. Ukilikimbia litakusubiri hapa hapa kwenye karatasi. Wiki tatu zile ulizoshinda mwaloni, matope hadi magotini, ukiosha mawe ya watu, ulikuwa unafanya nini kama si kemia?

Sikuandikii ili nikukataze dhahabu. Ningekukataza kwa mdomo upi? Nyumba hii unayolala ukija Shinyanga, bati zake ni dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki Kuu ilipokuwa ikinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na pamba yetu ikikaa ghalani kungoja malipo yasiyofika, nilikuwa mmoja wa waliotupa jembe. Nilikaa machimboni miaka saba. Niliporudi nikapata kazi ambayo rafiki zangu waliicheka mpaka wakachoka: mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Kuosha chupa, kupanga biureti, kupima chumvi za mtihani kwa gramu. Elimu yangu unaijua, darasa la saba. Kemia niliyonayo niliiokota nikiwa nimesimama kando ya sinki, kitambaa begani, mwalimu akiwafundisha watoto wa wenzangu. Ukiona nimeteleza mahali, mpelekee mwalimu wako anirekebishe. Sitanuna.

Tuanze na mwalo. Mawe yametoka duarani, yaani shimoni, kwenye viroba, yamesagwa kwenye karasha hadi yakawa unga, kisha unga na maji vinateremshwa juu ya mbao zilizotandikwa gunia. Mchanga unakwenda zake, dhahabu inanasa kwenye nyuzi za gunia. Nani kaiambia inase? Sentimita moja ya ujazo ya lile jiwe jeupe, kwatzi, ina gramu mbili na nusu na kitu. Ya dhahabu ina gramu 19.3. Chukua chembe mbili za ukubwa mmoja, ya dhahabu itakuwa nzito karibu mara saba. Maji yanamwezesha huyu kuondoka na yanashindwa kumbeba yule. Hiyo ndiyo densiti iliyokukosesha alama nne muhula uliopita. Mikono yako ilikuwa inaijua siku zote, ila hamkuwa mmetambulishwa.

Na uone uhaba wake. Tuseme jiwe lina gramu tano kwa tani. Tani nzima ya mawe, ambayo watu wameivunja kwa nyundo na kuipandisha kwa kamba kutoka chini kusikoonekana jua, na gramu tano hizo ukizikusanya pamoja hazizidi punje moja ya mahindi. Kazi yote ya Geita, ya mama mwenye karai na ya mgodi mkubwa wenye malori marefu kuliko nyumba yangu, ni kutafuta punje ya mahindi ndani ya tani ya mawe. Lazima mtu atafute njia ya mkato. Yetu ilikuwa zebaki.

Hapa nitakaa kidogo, univumilie.

Ule unga wa kwenye gunia unaukung'utia kwenye karai, unamimina zebaki, unasugua kwa kiganja. Zebaki inazoa dhahabu, mchanga inauacha. Metali mbili zimeingiana zikawa kitu kimoja, na kitu hicho kina jina lake, amalgamu. Unakiweka kwenye kitambaa, unakikamua, zebaki ya ziada inachuruzika, mkononi kinabaki kidonge cheupe. Mimi kidonge changu nilikuwa nakipeleka nyumbani. Tulikuwa tumepanga chumba chenye jiko la nje, na bibi yako alikuwa na kikaango kimoja tu. Nilikiweka humo, juu ya mkaa. Ukungu mwepesi unapaa, weupe unafifia, na taratibu ile rangi inajitokeza. Raha yake haielezeki. Hata leo nikiikumbuka natabasamu, Mungu anisamehe. Kidonge cha gramu kumi kinabaki gramu tano hivi. Ungeniuliza wakati ule gramu tano nyingine ziko wapi, ningekujibu walivyojibu wote: zimeungua, zimepotea. Kisha bibi yako anasuuza kikaango, anakaanga sato.

Sasa njoo maabara. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza pale. Mwalimu aliweka kwenye mizani chupa iliyozibwa kizibo, ndani yake maji ya dawa moja, na kichupa kidogo chenye dawa nyingine kikiwa kimesimama humo humo. Akasoma uzito. Akaipindua ile chupa, dawa zikakutana, unga mweupe ukaganda na kutua chini. Akasoma tena. Uzito ule ule hadi tarakimu ya mwisho. Akaeleza kwa Kiingereza, watoto wakaandika. Kisha, labda kwa kuwa aliona nimeacha kuosha, akageuka na kusema kwa Kiswahili kwamba vitu vinabadilika sura lakini havipotei, na kwamba kitu ulichokiingiza usipokiona kinatoka, kazi yako ni kukitafuta.

Nikakumbuka kikaango.

Jumamosi ile nilipanda basi la Geita kwenda kwa rafiki yangu aliyekuwa bado anachoma. Nilibeba sahani ya bati, baridi na safi. Alipoweka kidonge motoni nikaishikilia sahani juu yake, uso nimeugeuzia pembeni. Wewe usijaribu, nisikie vizuri, usijaribu kabisa. Nilipoigeuza, sahani ilikuwa na utando wa kijivu kama pumzi juu ya kioo. Nikaupitishia unyoya wa kuku. Utando ukakusanyika, ukawa vishanga, vishanga vikakimbiliana vikawa shanga moja inayong'aa na kutetema. Gramu zangu tano. Miaka saba nilikuwa nasema zimepotea, kumbe zilikuwa zinapita puani mwetu, zinaganda darini, zinatua kwenye ndoo ya maji, zinaingia kwenye nywele za bibi yako aliyekuwa amembeba baba yako mgongoni.

Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi ya kukutisha. Ukiuvuta unapita mapafuni kwenda kwenye damu, na kutoka huko unafika kwenye ubongo na figo. Umeona mikono yangu nikimimina chai. Daktari anasema huenda ni uzee. Huenda.

Mtu mmoja Mfaransa, Antoine Lavoisier, aliliona jambo hili kabla yetu, tena kwa zebaki hiyo hiyo. Aliipasha moto siku 12 mfululizo katika chombo kilichofungwa pamoja na hewa yake. Juu ya zebaki ukatanda unga mwekundu, na hewa ikapungua kama sehemu moja ya sita. Mwingine angeandika kwamba hewa imepotea. Yeye akauchukua ule unga mwekundu, akaupasha kwa moto mkali zaidi, ukarudi kuwa zebaki na ikatoka hewa kiasi kile kile kilichokosekana. Hewa hiyo aliipa jina oksijeni, na habari yake aliichapisha kitabuni mwaka 1789. Kwa hiyo kemia hii inayokutoa jasho ilizaliwa kwenye zebaki iliyo motoni, kama ile ya jikoni kwa bibi yako. Tofauti ni kwamba mwenzetu alifunga chombo na alikuwa na mizani. Alikuwa pia mkusanyaji wa kodi, na mwaka 1794 wanamapinduzi wa Paris wakamkata kichwa kwa ajili hiyo.

Mlinganyo wa kemia unaouchukia umetokana na hapo. Ule unga mwekundu ni oksaidi ya zebaki: 2HgO → 2Hg + O₂. Umeniambia huelewi hizo mbili zimetoka wapi. Wewe uliyeona viroba vikigawanywa pale duarani! Mwenye shamba apate vyake, mwenye duara vyake, mfadhili vyake, wachimbaji vyao. Viroba 40 vimepanda juu. Ukijumlisha mafungu ukapata 38, watu watakunja mashati, na ukipata 42 watajua kuna mtu kaingiza mawe ya kando. Ukiandika HgO upande mmoja na Hg + O₂ upande wa pili, umegawa oksijeni mbili wakati duara limetoa moja. Ile namba ya mbele inamaliza ugomvi. Huruhusiwi kubadili kitu kingine, maana O₂ ni O₂ na HgO ni HgO, kama kiroba kisivyoweza kugeuzwa ndoo kwa kuwa hesabu imekushinda.

Basi, kama zebaki haipotei, inaweza kurudishwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu hata kuyeyuka haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Ukiipasha amalgamu katikati ya hapo, mmoja anaondoka kama mvuke na mwingine amekaa. Ufunge mvuke ndani ya chombo chenye bomba, uupoze, unadondoka kuwa zebaki tena. Hiyo inaitwa kukeneka, na usijifanye hujawahi kuiona, maana yule mama wa ng'ambo ya mto anayepika gongo anaifanya kila wiki kwa pipa, bomba na maji baridi. Pombe inachemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, yeye anaishi kwenye pengo hilo. Polisi wamemkamata mara mbili, na kemia yake haina kosa hata moja.

Chombo cha zebaki kinaitwa ritoti. Hapo hapo Rwamagasa, katika miaka ya 2000, UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walikuwa na mradi wa kuwafundisha wachimbaji kukitumia. Baadaye STAMICO, shirika la madini la taifa, wakawekewa kituo cha mfano Rwamagasa, na kingine Katente kule Bukombe, ambako mawe huchenjuliwa bila kuihitaji zebaki kwa namna ya zamani. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga baharini methili-zebaki, sumu ya zebaki iliyotengenezeka humo humo kiwandani. Samaki wakaila, paka na watu wakala samaki, na mwaka 1956 madaktari wakaanza kuona watoto wasioweza kutembea. Zebaki yetu nayo vijidudu wa matopeni huigeuza kuwa methili-zebaki, na baadhi ya mito ya Geita inaelekea ziwani. Sangara nawe unamjua, ni samaki anayekula samaki.

Kwa nini basi ritoti nyingi zimekaa kama masufuria ya mgeni? Wataalamu husema ni ujinga. Si ujinga. Mimi nakuambia niliyekuwepo: ndani ya kikaango unaiona dhahabu yako, na wenzako sita wamezunguka wanaiona. Ndani ya chuma kilichofungwa hamuoni kitu, na mwenye chombo ni mtu mwingine. Mchimbaji aliyekwishaibiwa mara kumi hawezi kuikubali mara ya kumi na moja kwa sababu ya mvuke asiouona. Anayejua mizani ndiye angeweza kusema: pima kidonge kabla, pima dhahabu na zebaki baada, jumlisha, usipopata uzito ule ule nishike shati. Machimbo yetu hayana upungufu wa wanaume wenye misuli. Mtu wa kusema maneno hayo, akaaminiwa, nimemtafuta miaka mingi.

Sasa ile mada iliyokuvunja moyo. Ulifungua kamusi ya Kiingereza utafute maana ya moli, ukakuta "fuko", yule mnyama anayechimba mashimo gizani. Ulicheka, lakini kamusi haikukosea sana: na yeye ni mchimbaji mdogo. Moli ya kemia ni hesabu tu ya idadi, kama dazeni au korija. Dazeni ni 12, korija ni 20, moli ni 6.02 × 10²³. Namba kubwa hivyo kwa sababu atomi ni ndogo hivyo. Dhahabu ina moli moja kwenye gramu 197, zebaki kwenye gramu 201. Ndiyo maana tunapima badala ya kuhesabu, kama mnunuzi wa choroko asivyohesabu punje. Anapima debe, idadi anaijua.

Fanya hesabu ya jiko letu. Gramu tano za zebaki, gawa kwa 201, zidisha kwa namba ya moli: atomi kama 1.5 × 10²². Duniani tupo watu bilioni nane na ushee. Zebaki ya kidonge kimoja tu cha jioni moja ingetosha kumpa kila mwanadamu, Mchina, Mmarekani na mtoto aliyezaliwa asubuhi ya leo Bugando, atomi zaidi ya trilioni moja. Nilipoipata hesabu hiyo nilikuwa peke yangu maabara, nikiandika nyuma ya bahasha ya kaki. Niliirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Lingine nililolipenda ni ujirani wa hizi mbili. Katika jedwali la elementi dhahabu ni namba 79 na zebaki ni namba 80. Zimepakana kama kaya mbili zenye ua mmoja wa minyaa. Protoni moja tu imezitenganisha, na protoni hiyo ndiyo imefanya huyu awe yabisi wa manjano asiyeshika kutu, na yule awe majimaji yanayotetema. Watu wa kale wa Ulaya na Uarabuni walimaliza maisha yao wakijaribu kuirusha zebaki uani iwe dhahabu. Haikuwezekana, kwa sababu moto, asidi na dawa vinagusa elektroni za nje tu. Protoni zimefungiwa ndani kabisa, kwenye kiini, na hakuna mmenyuko wa kemia unaofika huko.

Wala hakuna mganga anayefika. Nalisema hili kwa uzito. Kanda yetu imewahi kufanya jambo la kutisha: watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, hasa kuanzia mwaka 2007 hivi, kwa kuwa waganga waliwadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vyao vinavuta mali. Dhahabu ya Geita iliwekwa kwenye miamba na maji ya moto ya chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla ya mti, kabla ya mnyama, kabla ya mtu wa rangi yoyote. Haina sikio. Mwenzako wa duara akikuletea habari za mganga, usibishane naye. Ondoka duara hilo siku hiyo hiyo, na uende polisi.

Nirudi kwenye biashara, maana najua hapo ndipo masikio yako yalipo. Ulilipwa kwa kuosha, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yakabaki kwa nani? Yalibaki kwa mwenye karasha, kama kawaida. Ulifikiri ni uchafu. Zebaki mara nyingi haipati hata nusu ya dhahabu iliyo kwenye unga. Chembe ndogo sana, na zile zilizofungwa ndani ya madini mengine, zinapita. Mwenye karasha anayajaza marudio hayo kwenye lori na kuyauza kwa mwenye plenti ya sianidi, naye anayaloweka kwenye matangi, anaitoa dhahabu ambayo ninyi mliitupa mkiimba. Mlinganyo wake uko kwenye kitabu chako, au utaukuta mbele:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Usome kama kugawana viroba. Moli nne za dhahabu zinadai moli nane za sianidi, yaani gramu 197 za dhahabu zinadai gramu 98 tu. Kwa nini basi plenti zinatumia sianidi mara nyingi zaidi ya hapo? Kwa sababu mawe yana shaba, chuma na salfa, na shaba inaila sianidi kwa pupa. Zebaki mliyoiacha kwenye marudio nayo inayeyuka humo humo. Ile O₂ pia haikuwekwa kwa urembo: pasipo hewa dhahabu haiyeyuki. Baadaye dhahabu hunaswa na kaboni, na kaboni yenyewe mara nyingi ni mkaa wa vifuu vya nazi, yaani mnazi umetoka pwani ukaja kuvua dhahabu Usukumani. Mchenjuaji anayeijua hesabu hii hupima shaba kabla ya kununua lori la marudio. Asiyeijua anamwaga sianidi hadi mtaji unakwisha, kisha anasema kuna mtu kamroga.

Na chokaa je? Uliona mifuko ya chokaa pale plenti ukadhani ni ya kupaka ukuta. Sianidi ikiwa kwenye maji yenye besi, pH juu ya 10, inatulia majini. pH ikishuka inageuka kuwa gesi, hidrojeni sianidi, na gesi hiyo inaua kabla hujamaliza kuuliza ni harufu ya nini. Somo la asidi na besi, lile la litmasi nyekundu na bluu unaloliona la kitoto, ndilo linalomrudisha mlinzi wa tangi nyumbani kwake asubuhi.

Ukitaka kuijua sianidi kwa karibu zaidi, mwulize bibi yako habari za muhogo mchungu. CN ile ile. Muhogo umeifunga kwenye sukari fulani ili wadudu na nguruwe wauache, na ukiuponda au kuuloweka, kimeng'enya chake mwenyewe kinaifungua, gesi inatoka na nyingine inakwenda na maji. Ndiyo maana udaga unalowekwa, unavundikwa, unaanikwa siku kadhaa, na bibi yako alikuwa anakufukuza ulipotaka kuuonja kabla. Hakujua habari za hidrojeni sianidi. Alijua siku. Katikati ya miaka ya 1980, ukame ulipowabana watu wa Tarime wakazifupisha siku hizo, ukawazukia ugonjwa wa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, haitengemai tena. Ninaposikia vijana wakisema wazee wao hawana sayansi, huwa nawauliza udaga unavundikwa siku ngapi na kwa nini. Hawajui siku wala kwa nini.

Mwaka 2017 nchi nzima ilikaa darasani kwa wiki kadhaa, sijui kama unakumbuka, ulikuwa mdogo. Serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam, mchanga uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, hapa hapa Kahama. Profesa Mruma na kamati yake wakachukua sampuli, wakapima dhahabu, shaba, fedha na vingine. Kampuni ya migodi hiyo nayo ikasema vipimo vyake ni tofauti kabisa. Makondakta wa daladala walikuwa wanabishana gramu kwa tani. Sikusudii kuufungua ubishi huo. Nilichokiona mimi ni kwamba rais, profesa, mzungu na kondakta walikuwa wanauliza swali la kikaango: kilichoingia ni kiasi gani, kilichotoka ni kiasi gani, na tofauti iko wapi.

Najua kinachokukwamisha si akili. Darasa la saba ulisoma sayansi kwa Kiswahili ukawa wa tatu. Kidato cha Kwanza ikageuka Kiingereza usiku mmoja, na tangu hapo unakariri sauti. Hilo ni kosa la wakubwa, na siwezi kulirekebisha kwa barua. Ninachoweza kukuambia ni nilivyofanya mimi nisiye na Kiingereza. Kila neno la mwalimu nililitafutia kitu nilichowahi kukishika. Densiti nikaiweka kwenye gunia la mwalo. Ukenekaji nikaupeleka kwa mama wa gongo. Kutu nikaipa jembe la baba yangu, na dhahabu isiyoshika kutu nikaiweka mwisho kabisa wa foleni ya metali, nyuma ya fedha. Neno likishapata pa kukaa, Kiingereza chake unakibeba tu kama mzigo mwepesi. Kwenye mtihani andika wanavyotaka. Kichwani panga unavyojua.

Njoo Jumamosi, kabla shule hazijafunguliwa. Nitakuwa na chupa ndogo ya soda, ndimu nne, magadi ya maharage na puto. Utaminya ndimu kwenye chupa, utatia magadi ndani ya puto, utalivika puto mdomoni mwa chupa bila kuyamwaga, kisha utapima vyote kwa mizani yangu ya dhahabu inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Halafu utalisimamisha puto magadi yaangukie kwenye ndimu. Litavimba. Asidi na kaboneti zinatoa kaboni dayoksaidi, hilo umeshalisoma. Utapima tena, puto likiwa limebana vizuri, hakuna kilichotoka wala kuingia.

Mizani itasoma pungufu. Nimejaribu mara nane. Inapungua zaidi ya nusu gramu, puto likivimba zaidi inapungua zaidi, na halivuji, nimelizamisha kwenye maji. Baada ya yote niliyokuandikia hapa kuhusu uzito usiopotea, mzee ameaibishwa na ndimu. Jibu ninalo, lilinichukua siku mbili, na nililipata nikiangalia mtumbwi ukipakuliwa samaki. Sikupi. Fikiria wewe njiani.

Uje na daftari. Na upite dukani uniletee betri za mizani, zile bapa za mviringo, mbili.

Babu yako.